Anza na Miwani, Mtungi Uache Dukani

Kupiga mbizi si mambo ya watalii peke yao tena. Wenzetu wa sayansi za bahari wanashuka kuhesabu matumbawe, wengine wanakwenda Mbudya na Bongoyo wikiendi na mrija mdomoni, na wapo waliokwenda Unguja likizo wakarudi na cheti cha hatua ya kwanza, kile kinachomruhusu mtu kushuka hadi mita 18. Ni jambo jema. Nchi yenye pwani ndefu kama yetu haiwezi kila siku kusimuliwa na wageni habari za chini ya bahari yake yenyewe.

Tatizo linaanza siku ya pili baada ya cheti. Mtu bado ana maji masikioni, tayari anaulizia bei ya seti nzima: regulata, jaketi la kuelea, suti, mapezi, geji, hata mtungi. Seti mpya inaanzia dola elfu moja kwenda juu, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili. Bumu halijatoka, limeshapangiwa. Na asiyekuwa na hela hiyo anaanza kusaka mtumba kwenye simu, anatumiwa picha tatu za regulata iliyopaushwa na jua na ujumbe unaosema, "Ni nzima kabisa kaka, haijatumika sana."

Mimi nasema mpangilio huo umekaa kichwa chini. Mwanafunzi anayeanza anunue kwanza vinavyogusa mwili wake, yaani miwani na mapezi. Kisha anunue kinacholinda damu yake, yaani kompyuta ya mbizi. Vilivyobaki akodi. Na hivyo vya kukodi, umoja wetu wa wanafunzi una kila sababu ya kuvinunua kwa pamoja.

Kwa nini miwani kwanza? Kwa sababu ndicho kifaa kinachotegemea sura uliyozaliwa nayo, na sura hiyo huwezi kuibadilisha ukafanana na miwani ya kituo. Kwanza tuelewane: sizungumzii miwani midogo ya kuogelea. Ukishuka mita 10 tu, shinikizo linakuwa mara mbili ya lile la juu. Hewa iliyomo ndani ya miwani inasinyaa na miwani inaanza kukunyonya uso. Miwani ya mbizi imefunika pua, kwa hiyo unapuliza kidogo kwa pua na mambo yanakaa sawa. Miwani ya bwawani haifuniki pua. Ukishuka nayo unaweza kurudi na macho mekundu, mishipa midogo imepasuka.

Kuichagua hakuhitaji utaalamu wa muuzaji. Iweke usoni bila kuvuta mkanda nyuma ya kichwa, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha achia mikono. Ikibaki imeganda, inakufaa. Ikidondoka, irudishe hata kama ni ya bei mbaya na ina rangi ya timu yako. Halafu jaribu kubana pua kwa vidole ukiwa umeivaa. Wengi wetu tuna pua pana, na baadhi ya miwani ina kifuko cha pua chembamba kiasi kwamba vidole havishiki vizuri. Usipoweza kubana pua, huwezi kuzibua masikio, na usipozibua masikio hushuki. Wenye masharubu mazito wajue kwamba maji hupenyea hapohapo. Dada zetu wanaovaa hijabu wanaweza kuvaa kofia ya mbizi, lakini ukingo wa silikoni ukae juu ya ngozi, usikae juu ya kitambaa. Na wale wasioona ubaoni bila miwani ya macho, zipo za mbizi zenye lenzi za namba. Ukienda nazo utamwona samaki. Bila hizo utaona ukungu wa rangi na kuwaitikia wenzako tu.

Wapo watakaosema miwani ni kitu kidogo, mambo makubwa ni hewa. Basi tupige hesabu ya hewa. Mtungi wa kawaida wa alumini una ujazo wa lita 11, na ukijazwa hadi baa 200 unabeba takriban lita 2,200 za hewa. Mtu aliyetulia anavuta labda lita 20 kwa dakika akiwa juu. Katika mita 10 mtu huyohuyo anatumia lita 40, kwa sababu kila pumzi imebanwa mara mbili. Mtungi uleule unaompa karibu dakika 110 juu ya maji, utampa dakika 55 hapo chini, na nyingine lazima azibakize kama akiba. Sasa mpe mtu huyo miwani inayovuja. Kila baada ya dakika anainua kichwa, anapuliza maji, moyo unakwenda mbio, anavuta hewa kama aliyekimbilia daladala. Lita 20 zinakuwa 35. Miwani mbovu inakula hewa kutoka kwenye mtungi wako, na zaidi ya hapo inakula utulivu. Chini ya maji mtu aliyekosa utulivu ndiye anayefanya lile ambalo mwalimu alilikataza siku ya kwanza: kupanda juu kwa pupa huku amebana pumzi. Hewa iliyojaza mapafu katika mita 10 inataka nafasi mara mbili ikifika juu. Mapafu hayana nafasi hiyo.

Mapezi ni hadithi fupi zaidi. Yakibana, utapata kiharusi cha misuli ya unyayo katikati ya safari. Yakipwaya, yatakuchubua na kukuchosha. Ya kuvaa mguu mtupu ni rahisi na yanatosha kwa mtu anayerukia kutoka kwenye boti. Lakini anayetembea juu ya mwamba maji yakipwa ni afadhali achukue yale ya mkanda nyuma, yanayovaliwa na viatu vya mpira. Miiba iliyotapakaa kule haiulizi una cheti gani. Mapezi ya mtumba sina ugomvi nayo: yakunje, angalia kama yana nyufa, nunua. Hayabebi uhai wako.

Kitu cha tatu ndicho ninachokipigania zaidi, kwa sababu ndicho wanafunzi wengi wanakiweka mwisho: kompyuta ya mbizi. Inavaliwa mkononi kama saa, na ya kawaida kabisa inaanzia takriban dola 200. Kazi yake ni kupima kina na muda, kisha kukadiria naitrojeni iliyoingia mwilini. Hewa tunayovuta ni naitrojeni karibu asilimia 78. Ukiwa chini, shinikizo linaisukuma iingie kwenye damu na minofu. Ukipanda taratibu, inatoka kwa mapafu bila fujo. Ukipanda haraka, au ukikaa kina kirefu kupita kiasi, inatoka kwa mapovu mwilini, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Mapovu hayo yakishika viungo ni maumivu. Yakishika uti wa mgongo ni kupooza.

Anayeona hayo ni vitisho vya walimu aulize habari za Wamiskito wa pwani ya Honduras. Kwa miaka mingi vijana wao wamezamia kamba kochi kwa ajili ya soko la Marekani. Mitungi wanapewa. Hewa wanayo. Walichokosa wengi wao ni mafunzo, geji na kifaa cha kuwaambia kwamba leo imetosha. Wamezamia kina kirefu, mtungi baada ya mtungi, siku baada ya siku, na mamia wamepooza. Huo ndio ushahidi mzito kuliko tangazo lolote la duka kwamba kuwa na hewa si sawa na kuwa salama. Tangu mwaka 1943, Jacques Cousteau na Émile Gagnan walipotengeneza regulata yao kule Ufaransa, kumpatia binadamu hewa chini ya maji limekuwa jambo rahisi zaidi. Kujua lini apande ndiyo kazi iliyobaki.

Na kompyuta haichangiwi kama chaja. Wawili mliozama pamoja hamkuwa kina kimoja kila dakika, kwa hiyo namba za mwenzako ni za damu ya mwenzako. Hata ya kukodi ina kasoro yake: asubuhi ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine, mchana iko kwako, nayo haijui kama mwili umebadilika. Nunua yako, jifunze kuisoma ukiwa bwenini, uishike lugha yake kabla hujaingia majini. Itakukumbusha kupanda usizidi mita 9 kwa dakika na kusimama mita 5 kwa dakika tatu. Itakuonyesha pia muda wa kusubiri kabla ya ndege. Mwongozo wa kawaida ni saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 baada ya mbizi kadhaa. Kwa lugha yetu: ukizama Mnemba asubuhi na mchana, jioni rudi Dar kwa boti.

Sasa regulata na jaketi. Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja ya kipuuzi. Wanasema: regulata ndiyo uhai, utawezaje kuweka uhai wako kwenye kifaa kilichopita midomo hamsini? Jibu langu ni kwamba uhai hauko kwenye umiliki, uko kwenye matunzo. Regulata inahitaji kufunguliwa na fundi aliyesomea, kwa kawaida kila mwaka au kadiri mtengenezaji anavyoelekeza. Mwanafunzi anazama mara ngapi kwa mwaka? Tuseme sita, akibahatika. Muda uliobaki regulata iko chini ya kitanda, kwenye joto na unyevu, na chumvi ya safari iliyopita inakausha mipira yake polepole. Ile ya kituo kinachojiheshimu inafanya kazi kila siku, inasuuzwa kila jioni, na ikileta shida kuna mtu wa kuigundua. Ya mtumba ndiyo mbaya kuliko zote: hujui historia yake, na unaweza kukuta kichwa chake hakiingii kwenye valvu za mitungi ya kituo unachokwenda. Hapo umenunua pambo la ukutani.

Kukodi, hata hivyo, si kupokea chochote unachopewa. Kagua. Kunja mipira ya hewa uone kama ina nyufa. Fungua mtungi, vuta pumzi nne tano huku ukitazama geji: mshale ukichezacheza kila unapovuta, kataa. Nusa hewa, ikinuka mafuta, kataa. Jaza jaketi upepo, liache dakika kumi, likilegea, kataa. Mtungi nao una mihuri iliyogongwa begani inayoonyesha lini ulipimwa kwa shinikizo, na kipimo hicho kwa kawaida ni kila miaka mitano. Anayekasirika kwa sababu umeuliza hayo amekujibu tayari. Ondoka.

Na mtungi wako mwenyewe? Wa nini? Huna kompresa, ndege haikubebei ukiwa umejaa, kuupima ni gharama, na una uzito wa kilo 14 na ushee. Uache dukani.

Inabaki hoja ya mwisho, nayo ni ya wote, hata wewe usiyewaza kuzama. Vyuo vingi vya Uingereza vina klabu za mbizi, na baadhi ni matawi ya chama chao kilichoanzishwa mwaka 1953. Kwenye klabu nyingi za namna hiyo vifaa vikubwa ni mali ya klabu. Mwanafunzi anakuja na miwani yake, mengine anachukua stoo, anarudisha yakiwa yamesuuzwa. Hicho hakihitaji utajiri wa ajabu. Regulata nne, majaketi manne ya saizi tofauti, daftari la kusaini, mwanachama aliyepelekwa kusomea matunzo, na mkataba na kituo kimoja cha kujaza mitungi. Tunanunua jezi kila msimu, tunakodi spika kubwa kila uchaguzi. Stoo ya mbizi haiwezi kutushinda.

Tusipofanya hivyo, tunajua nani ataendelea kuzama: mwenye mzazi mwenye hela, na mgeni. Mwaka 1998 joto la bahari lilipausha na kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya ukanda wetu wa Bahari ya Hindi, na tatizo hilo bado linarudi. Atakayeandika tasnifu kuhusu mwamba wa Mafia anatakiwa aushuke mwenyewe, aone kilichokufa na kilichoota upya, badala ya kupakua picha za mtu mwingine.

Kwa hiyo bumu likitoka, nunua miwani. Bumu la pili, mapezi. Kompyuta uichangie mwaka mzima kama watu wanavyochangia harusi. Na mkutano wa wanafunzi ukiitishwa, simama uulizie stoo.