Mazungumzo ya Nyumbani: Mtoto Angojaye Kwenda Kambini

Mwezi uliopita twaliahidi kuendelea na habari za ugomvi wa mipaka ya mashamba. Lakini barua tatu zimefika mezani petu zenye swali moja, nasi twaona yafaa swali hilo litangulie. Wa kwanza kuandika ni mwalimu, ambaye binti yake amemaliza kidato cha sita na jina lake limeonekana katika orodha ya walioitwa Jeshi la Kujenga Taifa. Wa pili ni mama mjane. Kijana wake ameomba kwenda kwa kujitolea, na huu ni mwezi wa tano angoja bila kusikia neno. Wa tatu hakutia jina lake. Aliandika mistari miwili tu: mtoto wake aogopa, naye hajui amwambie nini.

Kwanza na tuwatenge hao wawili wa mbele, maana kungoja kwao si kwa namna moja.

Yule wa kidato cha sita huitwa kwa mujibu wa sheria. Jeshi hilo lilianzishwa tarehe 10 Julai, 1963, na haukupita muda mrefu vijana waliomaliza masomo ya juu wakatakiwa wote kupita humo. Wazee miongoni mwenu wakumbuka mwezi wa Oktoba, 1966, wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam walipoandamana mpaka Ikulu kulikataa sharti lile. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu mia nne, na siku hiyohiyo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Habari ile husimuliwa kwa upande wa wanafunzi, na kwa upande wa Serikali. Sisi hutuijia mara nyingi fikira ya wazazi, ambao waliuza kahawa na pamba ili mtoto asome, wakamwona ashuka katika gari na sanduku lake kichwani, wala hakuna aliyewaeleza neno.

Mafunzo hayo ya lazima yalisimamishwa mwaka 1994, yakarudishwa mwaka 2013. Angalieni basi lililotokea. Kuna kizazi kizima cha wazazi waliomaliza shule katika miaka ile kumi na tisa, wala hawakuona lango la kambi. Hao hulijaza pengo kwa uvumi wa sokoni. Na babu, aliyepita kambini zamani, hulijaza kwa majigambo, jinsi alivyolala matopeni na jinsi alivyokula maharage yenye wadudu, na kila mwaka wadudu wazidi kuongezeka. Mtoto akaa katikati akisikiliza pande zote mbili.

Kungoja kwa huyu ni kufupi. Humaliza mitihani mwezi wa Mei, na baada ya siku chache huitwa. Amechoka, na moyo wake wangoja mambo mawili pamoja, kambi na matokeo. Na mara nyingi matokeo hutoka naye yuko kambini tayari. Kwa hiyo kazi ya mzazi hapa ni ya mikono zaidi kuliko ya maneno. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, na karatasi zote zitakazotakiwa kwa kuomba chuo zikusanywe sasa, zinakiliwe, nakala zikae nyumbani. Tumeona nyumba ambayo baba alitafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe siku ya mwisho ya maombi, na mtoto yuko mbali mikoa mitatu.

Tena soma tangazo la mwaka wenu, wala usifuate orodha ya mtoto wa jirani aliyekwenda mwaka juzi. Matangazo ya miaka ya karibuni yametaka bukta ya bluu iliyoiva yenye mpira kiunoni na mfuko mmoja nyuma, isiyo na zipu, ifikayo magotini. Fulana ya kijani. Shuka mbili za rangi ya bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Raba za michezo. Na nauli ya kwenda na kurudi. Aendaye penye baridi achukue nguo nzito, na aliyepangwa Mafinga mwezi wa Juni asidhani ni mzaha. Mama mmoja tumjuaye alimshonea bintiye foronya zenye maua na jina limetariziwa. Zilirudi hazijafunguliwa. Hatumcheki, maana upendo una namna zake, ila fedha ile ingefaa kununua raba mapema. Raba mpya huchubua. Na avae nyumbani wiki tatu, akimbie nazo alfajiri, na baba akiweza akimbie pamoja naye hata nusu ya njia. Mazungumzo yanayotokea barabarani kabla ya jua kuchomoza hayatokei sebuleni.

Na kama ni kijana wa kiume ambaye dada zake wamemfulia tangu kuzaliwa, mwachieni beseni.

Sasa twaja kwa mama mjane, na hapa shida ni kubwa zaidi. Vijana wa kujitolea huomba kwa njia ya wilaya na mkoa, husailiwa, na wachaguliwao hutumika miaka miwili. Wengi huomba, nao hawachukuliwi wote. Mama aeleza ya kuwa mtu mmoja amemjia nyumbani, mwenye maneno laini na karatasi zenye mihuri, akisema kwamba jina la kijana laweza kuingizwa kwa fedha kidogo, nusu sasa na nusu baadaye. Mama auliza kama auze ng'ombe.

Mama yetu, usiuze. Twakujibu bila kuzunguka. Nafasi ile haiuzwi, na jeshi lenyewe limewaonya wananchi mara nyingi juu ya watu wa namna hiyo. Mtu yule akishapokea nusu ya kwanza hutamwona tena, au utamwona akija kuomba nusu ya pili. Mpelekee habari zake mtendaji wa kijiji, hata kama ni mtu wa ukoo. Na ikiwa ni mtu wa ukoo, twajua ni vigumu, lakini ng'ombe mmoja wa mjane ni maziwa, ni ada ya wadogo, ni dawa.

Liko na neno la pili ambalo hukuliuliza, nasi twaliona katika barua yako. Umeandika, "akishaingia, ajira ipo." Matangazo yenyewe husema wazi kwamba Jeshi la Kujenga Taifa halitoi ajira, na kwamba kijana akimaliza mkataba wake hurudi nyumbani. Ni kweli wako waliotoka humo wakaandikwa katika majeshi, nasi twawafahamu. Wako na wengine wengi waliorudi na ufundi wa kulima na kujenga, na wengine waliorudi wakakaa kibarazani wakiona haya, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imekwisha kuwaita "afande" kabla hawajaondoka. Huyo kijana wako, katika miezi hii mitano, amefanya nini? Kama hakupanda hata tuta moja kwa kuwa "naondoka wakati wo wote," basi kungoja kumemla tayari. Mpe shamba la msimu mmoja. Jina likitoka, mazao yatavunwa na wadogo zake. Lisipotoka, atakuwa na cha kuvuna. Wala usiwatangazie majirani safari yake. Tangazo la mama ni mzigo mgongoni mwa mtoto, na siku orodha itakapobandikwa bila jina lake, atawaza kwanza watu watasema nini, ndipo awaze atafanya nini.

Tumebakiza yule asiye na jina. Tumeisoma mistari yake miwili mara nyingi, na twaona hatuna haki ya kumjibu bila kusema lililotupata sisi wenyewe.

Binti yetu alipoitwa, twalifurahi mno. Twaliwaambia wenzetu wa kazini, twaliwaambia watu wa kanisani, twalipiga simu mpaka kwa wajomba. Usiku alipokuwa akiuliza, "Baba, huko wakimbia umbali gani?" au "Mtu akiugua hufanywaje?" twalicheka, tukamjibu, "Wenzako wameweza, wewe una nini?" Baada ya siku kadhaa akaacha kuuliza. Sisi twaliudhani ukimya ule kuwa ushujaa.

Siku nane kabla ya safari akaja shangazi yake kutuaga. Wakalala chumba kimoja. Asubuhi yule dada yetu akatuita nyuma ya jiko, akasema, "Kaka, mtoto huyu haogopi jeshi. Awaogopa ninyi." Tukauliza kwa nini. Akasema pumu yake ya utotoni imemrudia, usiku hukaa kitako kitandani atafute pumzi, naye amejificha kwa kuwa baba yake amekwisha kumtangaza kwa watu.

Neno la kwanza lililotutoka kinywani twaona haya kuliandika, lakini tutaliandika. Twalisema, "Basi asimwambie mtu huko."

Dada yetu hakujibu. Alitutazama tu, kama alivyotutazama tulipokuwa wadogo nasi tumevunja chungu. Tukaingia ndani, tukakaa chini karibu na mtoto, na kwa mara ya kwanza katika majuma yale twaliuliza swali bila kuwa na jibu mkononi. Alilia kwanza. Kisha alisema mengi, na pumu ilikuwa moja tu katika hayo. Siku ile tukaenda hospitali. Daktari akampima, akampa dawa ya kuvuta, akaandika barua ya kueleza hali yake. Tukamwambia, "Barua hii ni ya kuonyeshwa siku ya kwanza, watakapopima afya. Wakikurudisha, nyumba ni hii." Tukasali pamoja, akalala.

Hawakumrudisha. Walimwandika, wakamtazama kwa uangalifu, akamaliza pamoja na wenzake. Lakini twakiri kwamba hatukujua kuwa itakuwa hivyo, na kama angerudishwa siku ya pili, ingetupasa kwenda kumpokea kwa uso uleule.

Kwa hiyo, ndugu usiye na jina, usimwambie neno kwanza. Muulize ni kitu gani hasa aogopacho, kisha nyamaza mpaka amalize. Yawezekana ni kuamka usiku na mchakamchaka. Hilo mweleze ukweli, kwamba kuruta huamshwa gizani, hukimbia, hufundishwa kwata na kulenga shabaha, hushika jembe, hufokewa, na siku za kwanza ndizo nzito kuliko zote. Yawezekana ni ugonjwa, kama wetu. Yawezekana ni binti, naye amesikia maneno ambayo haoni njia ya kuyataja mbele ya baba. Basi mama au shangazi amwambie waziwazi: mtu awaye yote akikugusa au akikutaka kwa nguvu ya cheo chake, pasha habari kwa wakubwa wa kambi, utuarifu na sisi, nasi tutakusadiki. Aondoke akiwa amelisikia neno hilo kwa masikio yake. Wala yasitoshe mawazo ya kwamba "anajua."

Mwalimu wetu atuuliza mwishoni kama yampasa kumsindikiza binti mpaka langoni. Sisi twaona stendi yatosha, ila kama njia ni ngeni au basi hufika usiku. Mpe namba za simu zilizoandikwa katika karatasi, maana huenda siku nyingi zikapita kabla hajapata nafasi ya kupiga, nawe usikae ukipiga kila saa na kumwazia mabaya. Wetu alipanda basi la alfajiri. Mama yake alikuwa amefunga mihogo ya kuchemsha katika kitambaa. Akaichukua, akaketi dirishani, na kabla gari halijaondoka alikuwa amekwisha kumgawia jirani yake, msichana mwenye bukta kama yake, ambaye hatukumjua.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye mipaka ya mashamba. Aliye na barua juu ya jambo hilo ailete mapema.