Shairi la Msasi na Jina Lisilokuwamo

Kijana mmoja mshairi, ambaye kipaji chake sikitilii shaka, alituletea barazani shairi la beti kumi na nane. Hoteli moja ya watalii ilikuwa imemwagiza atunge kitu cha kumkumbuka mmoja wa wale wasasi wa Kizungu wa zamani, waliokuwa wakiwaongoza matajiri porini kwa malipo. Shairi liandikwe kwa hati nzuri na litundikwe ukumbini, baina ya ngoma isiyopigwa na picha za rangi ya kahawia. Akamchagua Philip Percival. Vina havikulegea pahala. Jina la Kiingereza alilipinda na kulikunja mpaka likakaa katika mizani kama lililozaliwa Makunduchi. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, kahawa ikaongezwa. Mimi ndiye niliyeharibu mkao, kwa swali moja tu: bunduki ilikuwa ikibebwa na nani?

"Na mwenyewe, Maalim," akanijibu.

Haikuwa ikibebwa na mwenyewe. Na maadam jambo hili si la kijana huyo peke yake, bali ni maradhi yetu sote tunaoshika kalamu katika mwambao huu, naomba nafasi katika kurasa hizi niyaseme kwa utulivu yale niliyoyasema barazani kwa hasira. Sina hakika kama utulivu wenyewe utafika mwisho wa makala.

Percival tumpe haki yake. Alizaliwa Uingereza mwaka 1886, akaja Afrika Mashariki akiwa kijana mwanzoni mwa karne ya 20, akafuga mbuni katika nchi ya Ukambani, na kutoka hapo akaingia katika kazi ya kuwapeleka wageni mawindoni. Waliomjua walimtaja kwa wema: mtulivu, mvumilivu, si mtu wa majisifu. Chama cha wawindaji wa kulipwa cha Afrika Mashariki kilipoundwa Nairobi mwaka 1934, yeye akawa rais wake kwa miaka mingi. Ernest Hemingway alimfuata mara mbili, mwaka 1933 na mwaka 1953, na mara ya pili ilibidi Percival atolewe katika mapumziko ya uzee. Alifariki mwaka 1966. Lau angekuwa mtu mbaya, shairi la kumsifu lingekuwa jepesi kulipinga, nami nisingepoteza wino.

Kisha hakuwa peke yake. Kaka yake, Blayney Percival, alitangulia kufika, naye akawa mlinzi wa wanyama wa serikali ya kikoloni. Kazi yake ilikuwa kusimamia sheria ya nani awinde, awinde nini, na kwa cheti gani. Na mwaka 1924 kikatoka kitabu chake cha kumbukumbu za kazi hiyo. Zingatia basi, ndugu msomaji. Ndugu wawili: mmoja ameshika sheria ya pori, mwengine ameshika njia ya kuingilia porini. Sisemi kwamba walikula njama. Sheria yenyewe iliandikwa kwa namna ambayo haikumhitaji mtu yeyote kula njama.

Chini ya sheria ya mwaka 1909, cheti cha mgeni aliyekuja kuwinda kiligharimu rupia 750, sawa na pauni 50 za wakati ule. Mpagazi wa misafara hiyo alilipwa kiasi cha rupia 10 kwa mwezi. Piga hesabu. Ili apate ruhusa kama hiyo ya kuwinda katika nchi aliyozaliwa, mpagazi angebeba mzigo wa ratili 60 kwa miezi 75, asile, asivae, asipeleke nyumbani hata pesa moja. Mwaka huo huo Theodore Roosevelt, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Baba na mwana waliua kwa bunduki zao wanyama 512: baba 296, mwana 216. Idadi hiyo tunaijua kwa ukamilifu kwa sababu Roosevelt mwenyewe aliiorodhesha, mnyama kwa mnyama, katika kitabu chake. Chumvi haikujibeba. Wapagazi wapatao mia mbili waliokwenda na msafara ule hawakuorodheshwa mtu kwa mtu.

Watazame sasa waliokuwa wasasi kabla ya vyeti. Nyuma ya Malindi, kuingia bara, wako Waata, ambao vitabu vya wakoloni viliwaita Waliangulu. Hawa walimwinda tembo kwa upinde na mshale wa sumu, na upinde wao ulikuwa mzito kuvutika hata waandishi wa Kiingereza wakaulinganisha na pinde za vita za mababu zao. Pembe walizozitoa ziliteremka kwetu pwani, na baadhi ya mali zilizojenga nyumba tunazojivunia zilipita mikononi mwao. Ilipotengwa mbuga ya Tsavo mwaka 1948, pori lao la kuwindia likawa la serikali. Na katika miaka ya 1950 wakasakwa, wakakamatwa na kufungwa wengi wao. Tajiri aliyempiga tembo kwa cheti alikuwa mwindaji, akapigwa picha. Mzee wa Kiwaata aliyempiga tembo kwa ufundi alioachiwa na babu yake alikuwa jangili, akapigwa pingu. Tembo ni yule yule. Ikiwa tunatafuta ukoo mashuhuri wa wawindaji, hawa ndio ukoo, tena wa vizazi visivyohesabika; lakini hakuna hoteli iliyoagiza shairi lao.

Narudi katika vitabu, maana sisi ni watu wa maandishi, na hapo ndipo kosa la kijana wetu lilipoanzia: alikisoma kitabu akakiamini. Kitabu chenyewe ni *Green Hills of Africa*, alichokitoa Hemingway mwaka 1935 kuhusu safari yake ya kwanza. Humo Percival amepewa jina la kubuni, Jackson Phillips. Tazama: hata jina la uongo lina la kwanza na la ukoo. Mbeba bunduki wa mwandishi anaitwa M'Cola, kwa ritifaa iliyopachikwa pasipo kazi, na hana jina la baba wala la kijiji. Mfuatilia nyayo mwengine anaitwa Droopy, kwa sababu ya kope zake zilizolegea. Wa tatu, aliyependa mbwembwe, ameitwa Garrick, jina la mwigizaji wa majukwaa ya London wa karne ya 18. Mtu amekulia katika nchi yake, ana jina alilopewa na wazazi wake, anajulikana kwalo na majirani na wakwe. Wanapita wageni siku chache wakitafuta tandala, na vizazi vyote vya wasomaji vinamjua kwa jina la dhihaka.

Nitajibiwa kwamba Hemingway alimpenda mzee yule. Ni kweli. Kurasa za M'Cola ni bora kuliko kurasa za matajiri wote waliomo, na mwandishi anayeanza kwa kumcheka anaishia kuitafuta heshima yake kama mwanafunzi anavyoitafuta kwa mwalimu. Kwa hiyo siwezi kusema hakumwona. Alimwona barabara, na ndipo lawama inapozidi. Tabaruku ya kitabu ina majina matatu. La kwanza ni Philip, ndiye Percival. La pili ni Charles, rafiki aliyefuatana naye safarini. La tatu ni Sully, rafiki yake wa Key West kule Florida, ambaye katika safari ile hakutia mguu. Mtu aliyebaki kwao ng'ambo ya Atlantiki akapata pahala katika ukurasa wa mwanzo. Aliyetembea hatua mbili nyuma ya mwandishi, akamwonyesha mnyama yuko wapi na kumtia bunduki mkononi kwa wakati wake, hakupata.

Mzee mmoja wa barazani akanitetea wasasi kwa hoja inayopendwa sana: kila mtu ni wa zama zake, tusiwahukumu wafu kwa mizani ya leo. Lakini mbeba bunduki naye alikuwa mtu wa zama zizo hizo. Mbona zama zikamkumbuka mmoja? Na sisi je, ambao si wa zama zile, tunatunga mwaka huu, kwa lugha yetu, kwa kalamu isiyoshikwa na gavana yeyote, tumelazimishwa na nani kuurithi usahaulifu wao?

Neno lenyewe "safari" limetoka kwetu. Kabla Kiingereza hakijalijua, lilikuwa la misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na maana yake ilikuwa jua, kiu na malengelenge ya nyayo. Likachukuliwa, likapewa maana ya burudani, na sasa linaturudia katika matangazo ya hoteli, halina mzigo kichwani. Mshairi wa Kiswahili anapolitumia neno hilo kwa maana ya mgeni, amelinunua dukani neno aliloibiwa nyumbani.

Wala tusijitakase, maana hapa kisiwani tuna wetu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, alifariki mjini Unguja mwaka 1905; nyumba yake ingaliko Mji Mkongwe, na wageni huonyeshwa mlango wake. Maisha yake aliyasimulia kwa Kiswahili, nasi tunakisifu kitabu hicho kwa sababu nathari yake ni nzuri, na kweli ni nzuri. Lakini humo utakutana na majina ya machifu, na la Taria Topan aliyemkopesha mali, kabla hujakutana na jina la mtu aliyebeba jino la tembo begani kutoka Manyema mpaka pwani. Wengi waliotembea katika misafara ya namna ile hawakupata hata hizo rupia kumi, kwani walikuwa watumwa. Na majina tuliyonayo, Susi na Chuma, yametufikia kwa sababu walibeba maiti ya Livingstone mpaka pwani mwaka 1874. Lau wangebeba pembe tu, nani angewajua?

Hata utendi wa Fumo Liyongo, ambao hakuna mpenzi wa ushairi wa pwani asiyeujua, unawachukulia Watwa wa mwituni, wawindaji wanaotumwa kumuua shujaa, kuwa kundi tu. Liyongo ana jina, mama yake ana huzuni yake, mwanawe ana khiana yake; Watwa wana njaa ya makoma na tamaa ya reale, basi. Nimeusoma utendi huo tangu utotoni na sikuwahi kuliona hilo mpaka jioni ile ya barazani, kwa hiyo hasira yangu kwa kijana ilikuwa nusu yake ni aibu yangu. Hata hivyo ushairi wetu unajua pia kuhifadhi majina. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipotunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, alitaja watu, akataja na miji, na leo anayetaka kujua nani alikuwa wapi katika vita vile huanza na shairi kabla ya kwenda kwenye nyaraka za Kijerumani. Utenzi uliweza kulibeba jina la mtu wa Mrima wakati ambapo nyaraka za serikali zilimwita mwasi. Chombo tunacho. Tunachokitumia vibaya ni hicho hicho.

Nchi zenyewe zimekwisha badilika. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na chama alichokiongoza Percival kikavunjika mwaka huo huo. Tanzania iliufunga mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978. Wasasi wa kizazi kile wamekufa karibu wote, na kila anapokufa mmoja huandikwa tanzia kwa Kiingereza, nyingine ndefu na za kuliza. Hiyo ni haki ya wafiwa na sina ugomvi nayo. Mtu humlilia wake. Ugomvi wangu ni na mshairi wa Kiswahili anayekwenda kulia katika matanga hayo akiwapita njiani, bila ya salamu, wafiwa wake mwenyewe.

Wako walioniambia kwamba mshairi naye ana tumbo, na hoteli inalipa. Ale. Muhali gani? Sikumwambia kijana arejeshe fedha wala achane karatasi. Nilimwambia aongeze ubeti mmoja.

Alirudi Ijumaa iliyofuata baada ya sala, amenuna. Alisema amejaribu usiku mbili na jina halikai. Hajui hata litamkwe vipi, kwa ile ritifaa. Nikamwambia iondoe, sema Makola, na aliyeweza kumkunja Percival hashindwi na Makola. Akasema Makola ni mizani tatu, naye kipande chake kinataka nane, na hakuna alijualo kuhusu mtu huyo la kuzijazia tano zilizobaki. Hapo sikuwa na jawabu. Mzee aliyekuwa akicheza bao, ambaye nilidhani hatusikilizi, akahesabu kwa kidole ukingoni mwa ubao, taratibu, bila ya kuinua macho: "Naye Mzee Makola." Nane.

Shairi sasa lina beti kumi na tisa. Fremu ya hoteli imepimwa kwa kumi na nane, na kijana ameambiwa achague ubeti wa kuuacha.