ADA YETU SI KODI YA GHOROFA

Ndugu Wanachama,

Habari imetufikia hapa Nchiru kwamba wakubwa wa chama wanataka kupanga makao makuu mapya katika ghorofa ya Upper Hill, Nairobi. Tukiuliza, tunaambiwa tungoje: mkataba utatiwa sahihi kwanza, kisha tutaelezwa. La, ndugu! Anayelipa ndiye anayeulizwa kwanza.

Tupige hesabu. Ofisi za Nairobi hupangishwa kwa futi ya mraba. Tufanye mfano wa ofisi ya futi 2,000, kila futi Sh. 100/- kwa mwezi. Hiyo ni Sh. 200,000/-. Ongeza malipo ya ulinzi, usafi na lifti, tuseme Sh. 25/- kwa futi: Sh. 50,000/-. Juu yake ushuru wa VAT, asilimia 16: Sh. 40,000/-. Jumla Sh. 290,000/- kila mwezi, na bado hatujanunua kiti hata kimoja.

Mwanachama akikatwa Sh. 200/- kwa mwezi, watu 1,450 watafanya kazi kulipa ofisi hiyo tu. Wapishi, wafagiaji na askari wa lango wanakatwa mshahara, na hakuna hata senti moja iliyomfikia mwenzao aliyefukuzwa bila haki. Tena malipo yakipanda asilimia 7.5 kila mwaka, mwaka wa sita yatapita Sh. 400,000/-. Je, mishahara yetu itapanda hivyo?

Sasa tazameni mtego. Iko sheria ya mwaka 1965 inayowalinda wapangaji wa maduka, hoteli na nyumba za chakula, na neno duka humo ni pamoja na mahali panapotolewa huduma kwa malipo. Mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji huyo wala kumpandishia kodi bila notisi ya miezi miwili, na mpangaji anaweza kwenda kwenye Baraza la Kodi za Biashara. Lakini kinga hiyo ni ya mkataba usioandikwa, au ulioandikwa usiozidi miaka 5, au wenye kifungu cha kuuvunja kabla ya miaka 5 kwisha. Ndiyo sababu mikataba mingi ya Nairobi huandikwa miaka 5 na miezi 3, au miaka 6. Ile miezi mitatu haikuwekwa kwa bahati. Je, wakubwa wetu wameuliza mkataba wao ni wa miaka mingapi?

Wanasema waajiri wataheshimu chama chenye ofisi nzuri. Mwajiri haogopi vioo. Huogopa wafanya kazi walioshikana. Hatukatai kuwa na ofisi Nairobi, kwa maana Wizara ya Kazi iko huko. Lakini aliyefukuzwa hapa Nchiru hahitaji lifti ya Upper Hill. Anahitaji mtu wa chama wa kusimama naye katika Mahakama ya Kazi, ambayo inakaa hata Meru.

Wazee wetu walifanya nini? Tom Mboya alipokuwa katibu mkuu wa Kenya Federation of Labour alitafuta fedha za kujenga nyumba ya wafanya kazi, na vyama vya Marekani vikatoa dola 35,000. Wako waliolaumu fedha za wageni, na lawama hiyo ina maana yake. Lakini nyumba ilijengwa, na COTU, iliyoundwa mwaka 1965, imeweka makao yake huko Solidarity, Digo Road. Hawakwenda kupanga kwa matajiri. Walijenga karibu na Gikomba, walipo wafanya kazi.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, mkataba usitiwe sahihi kabla ya kusomwa katika kila tawi, kwa lugha tunayoielewa. Pili, kama ni lazima kupanga, tupange mahali padogo, kwa mkataba mfupi wenye kinga ya sheria. Tatu, fedha zitakazobaki zigawanywe mara mbili: nusu kwa kesi za wanachama, nusu iwekwe akiba ya kununua nyumba yetu wenyewe.

Ndugu, njooni mkutanoni mkiwa na karatasi zenu za mshahara. Onyesheni pale ada inapokatwa, mkaulize: hii ni ya chama, au ni ya mwenye ghorofa?

UMOJA NI NGUVU.

Mwanachama, Tawi la Nchiru