Mafuta ya sili hayadanganyi, hifadhidata je?

Haya, leo tuache simu kidogo. Mwaka 2004 Sara Iverson wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, na wenzake walichapisha mbinu ya kujua sili, mnyama wa bahari baridi, amekula nini. Kipande kidogo cha mafuta yake hupimwa asidi za mafuta, kisha tarakilishi hutafuta mchanganyiko wa samaki unaolingana nazo zaidi.

Hesabu yenyewe haina neno. Taabu iko kwenye hifadhidata. Samaki asipokuwamo, programu haisemi "sijui". Hugawia waliomo asilimia 100 yote. Na huko wavuvi huwalaumu sili kwa samaki kupungua! Kwa maoni yangu, kabla ya kunoa programu, wapanue hifadhidata na kuiweka wazi. Mwasemaje?