Riwaya Iliyotuchekesha Kisha Ikatukimbia

Mwishoni mwa muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja aliniazima kitabu. "Mwalimu, hiki utakicheka mpaka utoe machozi," aliniambia. Kilikuwa The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, riwaya ya kisayansi ya Mwingereza Douglas Adams, iliyochapishwa mwaka 1979 baada ya kusikika kwanza kama mchezo wa redio ya BBC mwaka 1978. Kwa miaka mingi nilikuwa nimesikia sifa zake bila kuisoma. Nikaitia mkobani, nikasafiri nayo kwenda nyumbani Ngara, na njiani nikalala siku tatu kwa mjomba wangu wilayani Biharamulo. Nyumba yake iko kando ya barabara ya lami. Niliisomea barazani, na ukuta niliouegemea una herufi X nyekundu.

Naieleza X hiyo mapema kwa sababu pasipo hiyo msomaji hataelewa ghadhabu yangu. Nisingeisoma riwaya hii barazani pale, pengine ningeicheka, nikamrudishia kijana kitabu chake, nikamaliza.

Nianze na haki ya mwandishi. Sura za mwanzo za riwaya hii ni miongoni mwa kejeli kali kuliko zote nilizowahi kusoma kuhusu ofisi ya umma. Mtu mmoja, Arthur Dent, anaamka asubuhi na kukuta tingatinga limekuja kuibomoa nyumba yake ili ipite barabara ya mchepuo. Analala kwenye matope mbele ya tingatinga. Mtumishi wa halmashauri anamweleza kwa upole kwamba michoro ya barabara ilikuwa wazi kwa umma ofisini kwa miezi tisa, na kwamba alikuwa na muda wote wa kupinga. Arthur anajibu kwamba aliitafuta michoro hiyo, na hatimaye aliikuta chini ya jengo, mahali pasipo taa wala ngazi, ndani ya kabati lililofungwa, katika choo kisichotumika, mlangoni pamebandikwa onyo kwamba humo mna chui.

Nilicheka kwa sauti. Mjomba akauliza ninacheka nini. Nikamfasiria ukurasa ule. Hakucheka. Alisema tu: "Huyo mwandishi alishawahi kufika huku."

Baada ya kurasa chache mzaha unapanda ngazi. Viumbe waitwao Wavogon wanafika na meli za angani na kutangaza kwamba dunia nzima inabomolewa kupisha njia kuu ya galaksi, na kwamba walimwengu hawana sababu ya kulalamika, kwani michoro ilikuwa imebandikwa Alpha Centauri kwa miaka hamsini. Dunia inalipuliwa. Hapo nilikaa sawasawa kitini. Nilisema moyoni: sasa mwandishi ameshalifungua faili, na atatuambia nani alilitia saini.

Hakutuambia. Kuanzia pale riwaya inakimbia. Inakwenda kwenye meli ya ajabu, kwenye roboti mwenye huzuni, kwenye taulo, kwenye panya wenye akili kuliko binadamu, kwenye kompyuta iliyofikiri kwa miaka milioni saba na nusu ili itoe jibu la maisha na kila kitu, na jibu likawa arobaini na mbili. Yote yanachekesha. Lakini yule mtumishi wa halmashauri ameteketea pamoja na dunia yake, nyumba ya Arthur imesahauliwa, na mwenye nyumba amegeuzwa mtalii wa angani aliyevaa vazi la kulalia. Waliobomoa dunia tunaambiwa ni wabaya kwa maumbile: wana sura mbaya, hasira mbaya na mashairi mabaya zaidi. Basi. Ubaya wa ofisi umekuwa kama mvua ya mawe, na hakuna anayemshitaki mvua.

Mashabiki wataniambia kwamba katika kitabu cha pili, cha mwaka 1980, inadokezwa kuwa kuna waliolipia ubomoaji ule: madaktari wa magonjwa ya akili walioogopa kwamba swali la maisha likijulikana, wao watakosa kazi. Nimekisoma na hicho. Dokezo hilo ndilo linalonikera zaidi. Kumbe mlipaji alikuwepo! Mwandishi alimjua, akamtaja kama kichekesho kingine, akampita.

Sasa nirudi barazani kwa mjomba, maana huko ndiko hoja yangu iliko.

Katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi, babu na watu wake walitolewa kwenye mashamba yao ya migomba, wakaletwa kando ya barabara. Sababu zilizotolewa zilikuwa njema: shule, zahanati, maji na usafiri. Wakajenga pale walipoonyeshwa. Mjomba alirithi kiwanja hicho, akainua nyumba ya matofali ya kuchoma. Barabara ilikuwa ya vumbi. Kisha ikaja Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, iliyopanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Nyumba ya mjomba iko mita 26. Alilala akiwa nje ya barabara, akaamka akiwa ndani yake. Hakuna aliyemwambia. Alijua siku vijana walipokuja na kopo la rangi.

Katika lugha ya siasa zetu kuna msemo maarufu unaowagawa wananchi wa namna hii katika makundi mawili: waliofuatwa na barabara, ambao hulipwa fidia, na walioifuata barabara, ambao hawalipwi. Mjomba yumo katika kundi gani? Barabara ya kwanza hakuifuata kwa hiari. Serikali ilimpeleka babu kwenye barabara hiyo. Ya pili imemfuata yeye, kwa sheria. Kwa akili ya kawaida, na kwa misingi ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inayotaka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, jibu liko wazi. Lakini alipokwenda kuuliza katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, aliuliza maswali matatu: nani ameamua, kwa karatasi ipi, na nitalipwa lini? Akajibiwa neno moja: "Thelathini."

Mita thelathini. Amelirudisha neno hilo nyumbani na kukaa nalo kwa miaka. Nyumba yenye X haikarabatiwi, kwa kuwa nani atapoteza bati jipya? Haiuziki. Benki haiitaki iwe dhamana. Haibomolewi wala hailipwi. Upande mmoja wa baraza umeshatitia, na mzee ameukingia gogo. Niliposoma kwamba kompyuta kubwa kuliko zote ilijibu arobaini na mbili, nilielewa kwa nini mjomba hakuona kichekesho. Yeye alishapewa namba yake. Na swali lake, tofauti na lile la Adams, linajulikana vizuri sana.

Hapa najua kuna msomaji anayejiandaa kunijibu: "Daktari, hicho ni kitabu cha kuchekesha. Unataka kila riwaya iwe mahubiri?" Sitaki. Mahubiri tunayo ya kutosha. Nalalamikia aina ya kicheko. Katika nchi yetu mtani anaruhusiwa kucheka mahali ambapo mwingine angepigwa. Anakuja msibani, anamwigiza marehemu, anazuia jeneza mpaka atolewe kitu, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe na kuchimba kaburi. Ndiye anayeteka maji na kukoka moto. Kicheko chake kina deni, na analilipa pale pale. Riwaya ya Adams ni mtani aliyekuja kwenye msiba wa dunia nzima, akawachekesha waombolezaji vizuri kuliko wote, na jeneza lilipoinuliwa akawa ameshapanda basi.

Nina sababu nyingine ya kutokuwa mwepesi wa kucheka dunia inapokwisha. Aprili 28 na 29, 1994, katika muda wa takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Kambi ya Benaco iliota kama uyoga na kuwa na watu kuliko miji mingi ya nchi hii. Watu wale walikuwa wameona dunia yao ikiisha, na miongoni mwao walikuwamo pia walioshiriki kuiangamiza dunia ya wenzao. Kwa hiyo swali la nani alitoa amri, nani alitii na nani alikaa kimya halikuwa swali la wanafalsafa pale. Lilikuwa swali la nani analala hema la jirani.

Na katika jambo hili Adams ana ukurasa mmoja wa kweli kabisa. Arthur anajaribu kuwaza kwamba dunia haipo tena, na moyo wake haushiki kitu. Anawaza wazazi wake, haushiki. Anakuja kuguswa na jambo dogo la kipuuzi, kwamba hambaga hazipo tena, na ndipo anapoanguka na kulia akimwita mama yake. Kila aliyewahi kukaa na watu waliopoteza kila kitu anajua kwamba hivyo ndivyo ilivyo: msiba mkubwa huingilia mlango mdogo. Mwandishi aliyeweza kuandika ukurasa huo hakukosa kipaji cha kuendelea. Aliamua kutoendelea. Ndiyo maana nasema amenivunja moyo. Asiye na uwezo hamvunji mtu moyo.

Kwamba safari ya angani inaweza kuchekesha na bado ikarudi nyumbani, tunao ushahidi wa Kiswahili. Mwaka 1995 Katama Mkangi wa Kenya, mwanasosholojia aliyewahi kuwekwa kizuizini na serikali yake, alichapisha riwaya ya Walenisi. Mtu aliyehukumiwa kufa anarushwa angani ndani ya chombo, lakini badala ya kufa anafika katika nchi nyingine yenye utaratibu wa haki. Jina la nchi hiyo lenyewe ni fumbo jepesi: wale ni sisi. Sikatai kwamba Mkangi anahubiri mahali pengine mpaka msomaji apige miayo, na kwamba kwa ufundi wa kichekesho Adams anamzidi. Lakini Mkangi hakusahau aliyehukumu. Alimpeleka mtu wake mbali ili amwonyeshe nyumbani vizuri zaidi. Adams anampeleka wa kwake mbali ili asirudi.

Watumishi wa umma mnaosoma hapa, wengine wenu wanafunzi wangu wa zamani, nina neno kwenu. Najua kwamba mnaipenda riwaya hii, na nadhani najua kwa nini. Inawaruhusu kuucheka mfumo bila kujiona ndani yake. Wavogon ni wengine. Lakini kabati lenye chui halikujifunga lenyewe. Mpaka mwaka 2021, bunge liliporekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, sehemu kubwa ya sheria zinazomhusu mjomba ziliandikwa kwa Kiingereza. Kwa miaka zaidi ya hamsini baada ya uhuru, hilo lilikuwa onyo la chui mlangoni. Tangazo likichapishwa katika Gazeti la Serikali lisilofika kijijini, hiyo ndiyo Alpha Centauri. Leo kuna mgodi wa nikeli wa Kabanga unaoandaliwa Ngara, umeme wa maporomoko ya Rusumo umeshajengwa, Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato imetangazwa tangu 2019. Sipingi hata kimoja kati ya hivyo. Nasema kwamba kila kimoja kina mpaka, kila mpaka una mchoro, na kila mchoro uko kwenye kabati la mtu. Mtu huyo ana jina, ana meza, na ana uwezo wa kuupeleka mchoro huo kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuusoma kwa Kiswahili, mbele ya watu, kabla kopo la rangi halijafunguliwa.

Na ninyi wanafunzi na wanaharakati: cheka, lakini msiishie kwenye ukurasa wa chui. Someni Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 kama mnavyosoma riwaya. Ulizeni tarehe, saini, na kiasi. Na mwenye kipaji kati yenu aandike riwaya ambayo Adams aliianza na kuiacha. Tunazo anga za kutosha, na nyumba za kuanzia hazikosekani.

Siku ya kuondoka nilimuaga mjomba. Akaniuliza kama kitabu kimekwisha. Nikamwambia kimekwisha.

"Na yule mwenye nyumba, walimlipa?"

"Hapana, mjomba. Walisahau habari ya nyumba."

Akatazama ukuta wake kwa muda. "Basi hakijakwisha, mpwa wangu," akasema. "Kimekatika."