Salio la asubuhi si la sasa

Mnunuzi wa ndizi pale Daraja Mbili, Kisii, ametuma shilingi 2,000. Meseji anayo, lakini salio la mama muuzaji bado ni la asubuhi. "Tuma tena." (Mama hana makosa, meseji feki ni nyingi siku hizi.)

Seva huweka nakala kadhaa za rekodi ili maswali yasirundikane mahali pamoja. Nakala ikibaki nyuma, hujibu bila wasiwasi, ila jibu limepitwa. Fundi akipewa nambari ya muamala, huilinganisha na rekodi kuu, na nakala iliyochelewa huitoa kazini mpaka ifikie.

Kwetu sisi, afadhali simu iseme "salio halipatikani kwa sasa" kuliko kumpa mfanyabiashara wa Keroka au Nyamira hesabu ya zamani. Kabla ya kutuma mara ya pili, pigieni huduma kwa wateja, muwasomee hiyo nambari.