'Incarnadine' na Kasumba ya Upungufu wa Kiswahili

Kuna kasumba iliyojikita katika mihadhara yetu ya fasihi linganishi: kwamba Kiswahili hakina neno la kubeba 'incarnadine', lililomo katika Macbeth (Tendo la II, Onyesho la 2), na kwa hiyo hakiwezi kuubeba uzito wa tukio lenyewe. Tunaipinga kauli hii, si kwa sababu ya uzalendo, bali kwa kuwa inatokana na usomaji mbovu wa Kiingereza chenyewe.

Neno hilo lina asili ya Kiitaliano na Kifaransa, na shina lake ni 'carne', yaani nyama. Lilikuwa kivumishi cha rangi ya ngozi ya Mzungu: waridi hafifu. Mwanzoni mwa karne ya 17 Shakespeare alilifanya kitenzi, akalitia kinywani mwa muuaji anayehofu kwamba mkono wake utazigeuza bahari ziwe nyekundu. Wekundu wa damu, ambao wanafunzi hukaririshwa kuwa ndio maana ya neno, haukuwamo nenoni. Uliingizwa na mkono wa Macbeth. FitzGerald alipolitumia katika Rubaiyat mwaka 1859, alilirudisha kwenye divai na shavu la waridi, pasipo mauaji yoyote.

Basi, Kiingereza nacho kilikuwa na 'upungufu' huo hadi mtunzi alipokihitaji kitenzi. Aidha, nguvu ya mahali pale haimo katika neno moja. Shakespeare anapanga maneno mawili marefu yenye asili ya Kilatini, kisha anashuka ghafla kwenye maneno mafupi ya Kiingereza asilia. Kinachopaswa kufasiriwa ni mshuko huo. Anayesaka kisawe kamusini amekwisha kupotea.

Nyenzo tunazo. Tunda huiva, macho ya mwenye ghadhabu nayo huiva. Kauli ya kusababisha inatupa 'kuivisha'. Mkono na uivishe bahari, kisha 'nyekundu' lifuate peke yake, tupu. Atakayedai kwamba kitenzi hiki kinanuka jikoni akumbuke kwamba 'incarnadine' nalo linanuka nyama.

Tangu S. S. Mushi atoe Makbeth mwaka 1968, tamthilia hii ina makao katika Kiswahili. Mhakiki anayeendelea kuorodhesha maneno tusiyokuwa nayo hajaanza kuhakiki. Kazi yake ni kupima tunayoyatenda kwa maneno tuliyo nayo.